Gari la nani limekuleta?

Mhadhara uliotolewa mbele ya waandishi wa habari na wamiliki wa vyombo, Tanga

Mwenyekiti, wazee wangu, shikamooni. Wamiliki wa redio mliokubali kukaa safu moja na waandishi wenu, karibuni, na msihame viti kabla sijamaliza.

Nimeombwa nizungumzie uaminifu kati ya mwajiri na mwandishi. Mada hii ikitajwa, wengi tunamfikiria mwandishi: kavujisha mambo ya chumba cha habari, kauza stori, kapokea bahasha. Mimi naanza na nauli.

Mwandishi anakaa hapa mjini, Chumbageni tuseme, analiandikia gazeti la Dar es Salaam. Analipwa kwa stori iliyotoka. Isiyotoka imekula kwake. Kuna mgogoro wa ardhi Kilindi. Nauli ni yake, chakula ni chake, bando ni lake. Mhariri anapiga simu: "Naitaka kabla ya saa kumi." Wakati huohuo halmashauri ina ziara ya huko huko Kilindi. Gari lipo, chakula kipo, posho ipo. Kijana apande gari gani? Atapanda la halmashauri, na Kilindi atakayoiona ni ile inayopitiwa na msafara. Mkulima aliyenyang'anywa shamba anakaa njia nyingine.

Halafu tunasema kijana kanunuliwa. Nani aliyemweka sokoni? Mkono mtupu haulambwi. Aliyegharimia safari ndiye atakayeshukuriwa, na kwenye kazi yetu shukrani huwekwa aya ya kwanza, pamoja na cheo kamili cha mheshimiwa.

Mji wetu una historia katika jambo hili. Hapa Tanga, mwaka 1904, shule ya serikali ya Wajerumani ilianza kutoa gazeti la Kiswahili lililoitwa Kiongozi. Wengi walioliandikia walikuwa walimu na makarani wa serikali hiyohiyo. Mtasema lilikuwa gazeti la mkoloni, na ni kweli. Lakini msomaji wake alijua gazeti ni la nani na mwandishi anakula wapi. Leo gazeti linajiita huru, mwandishi analishwa na yule anayemwandika, na msomaji aliyeketi kwenye kahawa Ngamiani hana habari.

Wamiliki huwa mnajibu: "Huyu wa mkoani si mwajiriwa wangu, anajitegemea." Hapa nitakaa kidogo, maana jibu hili limelelewa muda mrefu mno.

Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 ina kifungu cha 61 ambacho kila mwandishi angepaswa kukijua kama anavyojua namba yake ya simu. Kinasema mtu anayemfanyia mwingine kazi atahesabiwa kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, ikiwa moja tu kati ya hali kadhaa ipo. Je, unaelekezwa namna ya kufanya kazi? Saa zako zinapangwa na yeye? Umemfanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita? Unamtegemea yeye kwa riziki yako? Kakupa vifaa vya kazi? Moja inatosha. Mhariri anayekupigia simu alfajiri akupangie pa kwenda ana kibarua cha kueleza kwamba hakuelekezi.

Na ukishakuwa mwajiriwa kuna likizo ya siku 28, kuna mchango wa hifadhi ya jamii, kuna maelezo ya ajira kwa maandishi. Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 nayo imegusa bima na hifadhi ya jamii kwa wanahabari. Ajabu yake, sheria hiyo ikitajwa vyumbani kwetu hoja huwa ni vyeti vya mwandishi. Bima yake haina mtetezi.

Sasa nije upande wetu, maana nawaona wamiliki wameanza kutabasamu.

Mwandishi asiye na mkataba, anayelipwa kwa stori, akiwapelekea wenye magazeti watatu habari moja, mimi simlaumu. Hakuna aliyemnunua peke yake. Lakini wewe mwenye mkataba, mshahara kila mwezi, kamera ya ofisi, umetumwa bandarini na gari la ofisi, kisha picha zikatangulia kwenye chaneli yako ya YouTube kabla mhariri hajaziona, huo ni wizi. Usiniambie maisha magumu. Maisha magumu ni ya yule wa kwanza.

Kuna uaminifu mmoja mwajiri hawezi kuudai hata akilipa vizuri. Akikuagiza uandike uongo, mkataba haumsaidii. Ufaransa walilitazama hili mapema: tangu 1935 sheria yao inamruhusu mwandishi kuondoka pale msimamo wa chombo unapobadilika kiasi cha kumvunjia heshima au dhamiri, na akaondoka na kiinua mgongo kana kwamba ameachishwa. Hapa kwetu ukijiuzulu kwa dhamiri, umejiuzulu tu. Hata ukiachishwa, kiwango cha chini cha sheria ni mshahara wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka kumi. Mwenye watoto wanaosoma atapiga hesabu hiyo kabla hajakataa agizo, na sitamwita mwoga. Ila ukiachishwa isivyo haki, una siku 30 za kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile ya migogoro ya kazi. Wengi wetu siku hizo huzimaliza tukiomba radhi.

Najua redio ndogo ina shida. Matangazo ni machache, umeme unalipwa, jenereta linakunywa mafuta. Mmiliki mmoja kaniambia mlangoni pale: "Bwana, nikiwapa wote mikataba nafunga." Nami nimemwuliza ana waandishi wangapi wilayani. Kumbe kila wilaya ana mtu, nyingine ana wawili. Basi punguza. Chukua mmoja Lushoto na mmoja Handeni, uwape mkataba, nauli na bima. Kwingine kote sema hewani kwamba huna mwandishi, ili wa Mkinga akisikia kimya ajue sababu yake, aache kudhani kwao hakuna jambo.