Nyasi Zinazoliwa na Kuchipua Tena: Kazi ya Utafiti ya Samuel McNaughton Serengeti

Waheshimiwa walimu, wanafunzi na ndugu wasikilizaji,

Nimeombwa nizungumzie maisha ya utafiti ya mwanaikolojia wa mimea, nami nimemchagua Samuel McNaughton wa Chuo Kikuu cha Syracuse, Marekani, kwa sababu swali alilolifuatilia Serengeti tangu miaka ya 1970 ni swali letu pia: nyasi zikiliwa, zinapata hasara kiasi gani, na ni nini kinachozirudisha? Sisi wakazi wa Dar es Salaam huyaona malisho ya nchi hii kwa mbali tu, pale mnadani Pugu ng'ombe wanaposhushwa kutoka kwenye malori, lakini unono wa ng'ombe wale, na hata bei yao, huanzia kwenye swali hilo.

Wakati wa kuuliza ulikuwa mwafaka. Sotoka, ugonjwa wa ng'ombe uliokuwa ukiua pia ndama wa nyumbu, ilikuwa imetoweka Serengeti katika miaka ya 1960 baada ya ng'ombe wa maeneo jirani kuchanjwa, na nyumbu, waliokadiriwa kuwa 250,000 hivi mwaka 1961, waliongezeka hata wakapita milioni moja kabla ya miaka ya 1970 kwisha. Ilikuwa halali kabisa kuhofia kwamba uwanda ungebaki vumbi tupu.

Njia ya kupima jambo hili ni nyepesi kuieleza na nzito kuifanya. Kabla kundi halijafika, kipande cha uwanda huzungushiwa uzio, na nje ya uzio nyumbu huachwa wale watakavyo. Katika kazi ya namna hii mtafiti hupiga magoti, huweka fremu ndogo chini, hukata kila jani lililomo hadi usawa wa udongo, hutenga mabichi na makavu, huyakausha na kuyapima kwenye mizani, kisha huhamia kwenye fremu inayofuata. Nawaomba wanafunzi waiheshimu kazi hii, kwa maana kila mchoro unaopendeza katika majarida yetu umeanzia hapo.

Katika makala yaliyotoka mwaka 1976 kwenye jarida la Science, McNaughton alionyesha kwamba nyumbu wa msafara waliondoa takriban asilimia 85 ya nyasi mbichi kwa siku chache tu. Majuma machache baadaye, pale palipoliwa palikuwa pameota majani mafupi, mabichi, yaliyosongamana, ilhali ndani ya uzio nyasi ndefu zilikuwa zinazeeka na ubichi wake kupungua. Swala tomi waliokuja nyuma ya nyumbu walipendelea palipoliwa. Sababu mojawapo imo katika umbo la nyasi zenyewe: sehemu inayokua iko chini, karibu na udongo, hivyo mnyama hukata ncha na kuiacha sehemu hiyo; tena majani makuukuu yaliyoziba mwanga yakishaondoka, machanga hupata jua, na maji yanayopotea kupitia majani hupungua. Mavi na mkojo navyo huurudishia udongo rutuba.

Hapa ndipo watu wengi humnukuu vibaya, na jambo hili linaniuma, kwa sababu nimesikia kazi yake ikitumiwa kutetea malisho yaliyochakaa, kana kwamba nyasi hufaidika kila zinapoliwa, hata zikiliwa kupita kiasi. Dhana aliyoichapisha mwaka 1979 inasema kwamba ukuaji huweza kuongezeka nyasi zinapoliwa kwa kiasi, kisha hushuka ulaji unapozidi. Wapo waliompinga hata kwa hilo. Joy Belsky, ambaye naye alifanya utafiti Serengeti, alihoji mwaka 1986 kama mimea hufaidika kweli kwa kuliwa. Ubishi huo uliwalazimisha watafiti kubainisha wanapima nini: majani peke yake, au mizizi na mbegu pia. Kwa maoni yangu, kinachofaa kukaziwa ni kwamba nyumbu wale waliondoka. Walikula sana, wakahama, na mvua ikazikuta nyasi zikiwa hazina mlaji mkubwa.

McNaughton hakuishia kwenye wingi wa nyasi. Mwaka 1988 alionyesha katika jarida la Nature kwamba mahali ambapo wanyama hujikusanya Serengeti, nyasi zina madini mengi zaidi, hasa magnesiamu, sodiamu na fosforasi, madini ambayo majike wenye mimba na wanaonyonyesha huyahitaji mno. Swali la kiasi gani kinaota lilikuwa limemfikisha kwenye swali la kilichomo ndani ya jani.

Ninachotamani kuona kikipimwa na vijana wetu ni upande wa mifugo. Wilayani Kilosa, ambako wafugaji na wakulima wamegombania ardhi hata damu ikamwagika, tuzungushie uzio vipande vya malisho ya kijiji, tupime ndani na nje msimu baada ya msimu, mizizi ikiwemo, ili kijiji kinapopanga matumizi ya ardhi yake kijue malisho yale yanahitaji kupumzishwa kwa muda gani kabla ng'ombe hawajarudishwa.