Kozi Ulipewa, Kazi Je?

NJERI: Tumerudi hewani, Nairobi. Mimi ni Njeri, na kando yangu ni Baraka, ambaye ameanza ubishi tangu kwenye ngazi. Haya, sema mbele ya watu.

BARAKA: Nasema hivi: mwanafunzi wa chuo kikuu hapa Kenya hana lengo la kazi mpaka aende atachimenti, ile miezi ya kujifunza kazi kwenye ofisi au kampuni. Kabla ya hapo ana kozi tu.

NJERI: Yaani wale wote walioko vyuoni Juja, Kahawa, pale katikati ya jiji, hawajui wanataka nini?

BARAKA: Wanajua walichopewa. Umefanya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, umejaza kozi kwenye mtandao wa KUCCPS, wale wanaogawa nafasi za vyuo, alama zako za klasta, yaani za masomo ambayo kozi inayataka, zimepangwa pamoja na za wenzako, unaambiwa wewe umeenda takwimu. Ulitaka udaktari. Nyumbani mbuzi anachinjwa, majirani wanakula, na hujawahi kukutana na mtu hata mmoja anayeishi kwa kazi ya takwimu.

NJERI: Mbuzi ni lazima, bwana. Lakini kuna kozi ambazo njia yake inajulikana. Ukisoma sheria, digrii peke yake haikufikishi mahakamani. Unaenda Kenya School of Law kule Karen, na kuna miezi 6 ya kukaa chini ya wakili mzoefu. Mwalimu naye ana mazoezi ya kufundisha. Daktari anafanya kazi hospitalini mwaka mzima akisimamiwa, ndipo apewe leseni kamili. Hao lengo wanalo tangu siku ya kwanza.

BARAKA: Wana cheo wanachokitaka, na cheo si lengo. Kumbuka mgomo wa madaktari wa 2024, siku 56. Mzozo mkubwa ulikuwa malipo ya hao madaktari wanagenzi: mkataba wa 2017 ulisema takriban shilingi 206,000 kwa mwezi, serikali ikaja na 70,000. Sasa niambie, mwanafunzi wa udaktari wa mwaka wa tano aliyekuwa akifuata habari hizo kila jioni, hakupiga hesabu upya? Bado anataka kuwa daktari, sawa. Lakini wapi, kwa nani, wa nini? Hayo hayafundishwi darasani.

NJERI: Hapo nimekuelewa. Hata mimi nilisoma biashara nikijua nitaingia mauzo, kwa sababu kila mtu aliniambia nina mdomo. Nikapelekwa kampuni ya bima, idara ya madai. Nilinuna! Niliona nimetupwa stoo.

BARAKA: Na mafaili.

NJERI: Mafaili hadi dirishani. Lakini watu wanakuja pale na ripoti ya polisi mkononi, mwenye matatu anasema hivi, mwenye pikipiki anasema vile, na mama mmoja wa makamo kwenye dawati la kona anawasikiliza wote wawili bila kupandisha sauti. Kisha anauliza swali moja dogo, labda gari lilikuwa limebeba nini, na hadithi yote inageuka. Nikawa namkodolea macho siku nzima. Ndipo nikajua kuuza sitaki kabisa. Nilichotaka ni kuuliza maswali. Leo niko hapa na maikrofoni.

BARAKA: Na hakuna mhadhiri angekuambia hivyo, kwa sababu mhadhiri anakuona ukijibu mtihani. Mimi nilikuwa uhandisi wa ujenzi, atachi ikawa ya barabara. Nilidhani mhandisi anashinda akitazama lami ikimwagwa. Kumbe siku inaisha kwa barua na mabishano na wakandarasi wadogo. Niliyemwonea wivu ni yule QS, mkadiriaji wa gharama. Alikuwa anajua mchanga wa lori lile ni wa pesa ngapi kabla halijasimama. Niliporudi chuo mwaka wa mwisho, mradi wangu ulikuwa wa gharama za ujenzi, na masomo niliyokuwa nikikariri yakaanza kuwa na watu ndani yake.

NJERI: Sasa ngoja. Sisi tulibahatika, tuliwekwa karibu na kazi. Mswahili anasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kuna ofisi jiji hili mgeni anapewa jembe siku ya kuaga. Miezi yote ni fotokopi na kuitwa "wewe wa atachi".

BARAKA: Hata hiyo inafundisha.

NJERI: Inafundisha nini, Baraka? Usitetee kila kitu! Na kuna la pesa, ambalo ndilo lenye uzito. Atachi nyingi hazilipi. Mtu anatoka Rongai, anashuka mjini, anapanda tena mpaka Eneo la Viwandani, jioni ananyeshewa na nauli imepanda maradufu. Chapati na madondo za kibandani nazo zinataka hela. Asiye na mtu wa kumlaza Nairobi anarudi kwao, anaingia ofisi yoyote ya kaunti iliyo karibu, hata kama amesoma mambo ya viwanda. Baadaye tunasema "amechagua utumishi wa umma". Kilichochagua ni kitanda.

BARAKA: Hilo siwezi kulipinga. Na si kwamba mfumo wa pesa haupo kabisa. Kuna NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, ofisi zao ziko Commercial Street. Waajiri wanatozwa shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi kwa ajili ya mafunzo.

NJERI: Kwa nauli, shilingi 50 hazikufikishi hata Nyayo Stadium. Na ile logibuku, daftari la kuandika kazi ya kila siku! Jumatatu nimefanya hivi, Jumanne vile, msimamizi anatia sahihi wiki nzima kwa mkupuo mmoja. Mhadhiri anakuja siku moja, anakunywa chai, anatoa alama. Hakuna ukurasa unaouliza: kazi hii umeiona, ungeifanya miaka 10?

BARAKA: Basi mwanafunzi ajiandikie mwenyewe nyuma ya daftari. Kila Ijumaa: nani hapa ningependa kufanya kazi yake, na nani hata ukinilipa sitaki. Halafu amfuate yule wa kwanza, amuulize siku yake huanza na nini, alipitia wapi, mshahara wa kuanzia ni wa namna gani. Wakubwa wengi wanapenda kuulizwa.

NJERI: Wengine watakuambia funga mlango ukitoka.

BARAKA: Na hilo ni jibu.

NJERI: Aliyepata fotokopi miezi yote bado hujanijibu, lakini muda unatuishia. Walio mwaka wa tatu wanaoenda atachi Mei, wafanye nini wiki hii?

BARAKA: Barua ya idara na karatasi ya bima ya chuo, nakala kadhaa. Usitume kwa barua pepe peke yake, vaa viatu uzipeleke. Na usiombe "nafasi yoyote", taja idara.

NJERI: Na kama anakaa mbali?

BARAKA: Basi atafute kwanza pa kulala, halafu kampuni.

NJERI: Afadhali umekubali. Na barua ziende kabla ya Pasaka, jamani, baada ya hapo meza zimejaa watoto wa wakurugenzi.