Tupa Ndani ya Mkate

Mhadhara kwa vikundi vya maigizo vya vijana, Amu (Lamu)

Asalaam aleikum, wazee wangu, dada na kaka zangu. Ahsanteni kwa kuitika, hasa nyinyi mliovuka maji kutoka Faza na Kizingitini. Nimeombwa nizungumze juu ya kuandika michezo, ya jukwaani na ya filamu, na nimeambiwa nimalize kabla ya adhana ya alasiri. Basi tusipoteze wakati.

Kisa cha Fumo Liyongo, shujaa na mshairi wa pwani yetu, mmekisikia tangu utotoni, na Muhammad Kijumwa, mtu wa hapa hapa Amu, alikitungia utenzi mwaka 1913. Sina haja ya kuwasimulia. Ninachotaka ni kukifungua kama fundi anavyofungua injini ya boti, tuone kilichomo.

Liyongo yuko gerezani. Kila siku mamake anampelekea chakula kizuri kwa mkono wa kijakazi, Saada, na kila siku askari wa mlangoni wanakila chakula hicho na kumwachia makombo. Liyongo anamwimbia Saada shairi la mafumbo ampelekee mama: aoke mkate wa wishwa, na ndani yake afiche tupa, ile ya kukerezea chuma. Mama anaoka. Saada anafika mlangoni. Askari wanautazama ule mkate, wanaona wishwa, wanaudharau, wanamwambia apite.

Sasa nauliza: ni kitu gani kilichoufungua ule mlango? Nasikia mtu anasema akili ya Liyongo. Sawa, lakini akili peke yake haitoshi. Mlango umefunguliwa na ulafi wa askari. Wale walioonyeshwa mapema wakinyang'anya wali na nyama ndio hao hao wasioona sababu ya kuugusa mkate wa pumba. Ubaya wao ndio njia yake. Mwandishi mvivu angewalaza askari usingizi, au angemletea Liyongo rafiki aliyeiba ufunguo. Mtazamaji angepiga makofi, kisha njiani akirudi nyumbani angejiuliza: kwani askari wote walilala siku moja?

Tazameni na hili. Saada anaposimama mbele ya askari, sisi tunajua tupa imo ndani. Wao hawajui. Saada hana haja ya kusema neno la maana. Akisema "chakula cha bwana", roho zetu zimeshafika kooni. Walimu wa filamu wa Ulaya na Marekani wakifundisha taharuki humtaja Hitchcock, mwongozaji wa filamu za taharuki, na mfano wake wa bomu lililo chini ya meza: likilipuka ghafla, mtazamaji anashtuka kwa sekunde 15, akijulishwa mapema kwamba lipo, anakaa roho juu kwa dakika 15. Ni mfano mzuri, nami sina ugomvi nao. Lakini ninyi mna tupa ndani ya mkate, na ilikuwapo kabla ya Hitchcock kuzaliwa.

Jambo langu la leo liko hapo. Sisi watu wa pwani tunafunzwa kusema vizuri kabla ya kufunzwa kitu kingine chochote. Mtoto wa Amu anajua kujibu kwa mithali kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Neema hiyo ndiyo inayotuponza tukikaa kuandika mchezo, kwa sababu kila mhusika wetu anaongea kama mgeni rasmi arusini. Anaeleza anachohisi, anaeleza kwa nini, na anamalizia kwa methali. Mwigizaji anabaki hana la kufanya ila kusimama na kusema.

Nitoe mfano. Nauchagua huu kwa sababu nyote mnaujua: nyumba ya mawe ya ukoo, mama mjane, na mtoto wa kiume aliyepata mnunuzi. Miswada ya namna hii nimesoma mingi, na mingi huanza hivi:

ATHMAN: Mama, kama unavyojua, baba alifariki miaka mitatu iliyopita akatuachia nyumba hii. Mimi kama mwanao mkubwa nimepata mnunuzi kutoka Ulaya, na ninaona ni vyema tuiuze.

BI SHEE: Mwanangu, nyumba hii ni urithi wa wazee wetu! Mwacha mila ni mtumwa!

Mama hajui kuwa mumewe amekufa? Anaambiwa ya nini? Anaambiwa ili mimi na wewe tulioko kwenye viti tusikie. Mtazamaji akigundua kwamba anaongeleshwa yeye, ameshatoka mchezoni. Na baada ya majibizano hayo mawili onyesho limekwisha. Wote wawili wameshasema yote, kilichobaki ni kurudia kwa sauti kubwa zaidi.

Hebu tuliandike upya. Bi Shee yuko kiwandani, yaani uani, amekaa juu ya mbuzi, anakuna nazi. Athman anaingia na tepu ya fundi. Anaitandaza sakafuni kutoka ukuta huu hadi ule, anaandika nambari kwenye simu.

BI SHEE: Wapima nini?

ATHMAN: Nataka kufunika hapa juu, mvua isikusumbue.

BI SHEE: Na chumba cha babako ulichopima jana, nacho chavuja?

(Athman anavuta tepu. Haiji. Imebanwa chini ya mguu wa mbuzi.)

ATHMAN: Mama, sogea kidogo. Umekalia tepu.

BI SHEE: Najua.

(Anaendelea kukuna nazi.)

Mmecheka, na mmecheka mahali pale pale nilipotaka. Hakuna aliyetaja kuuza wala mnunuzi, wala aliyetaja wazee waliotangulia. Lakini mmejua kwamba baba hayupo, mmejua kijana anadanganya, mmejua mama alishang'amua tangu jana, na mmejua kwamba hatoki. Tena onyesho halijaisha! Athman ana tepu iliyobanwa na mama hasogei. Atafanya nini? Ataikata? Ataondoka aiache? Mwandishi akifika hapo ana pa kwenda.

Ndipo huwa naambiwa, "Mwalimu, sasa ushairi wetu tuutupe?" Hasha. Rudini gerezani kwa Liyongo. Kwa nini pale anaimba? Kwa sababu askari wanasikiliza. Shairi ndiyo njia pekee ya kumfikishia mama maneno mbele ya maadui. Liondoe shairi, na hakuna tupa. Huo ni ushairi wenye kazi ndani ya mchezo. Basi mhusika wako akitaka kusema beti, muulize: anamficha nani? Anamchokoza nani? Kama jibu ni kwamba wewe mtunzi umelipenda lile beti, liweke kwenye daftari lako la mashairi, huko litapata heshima yake.

Sasa jukwaa na skrini. Watu husema tofauti yake ni kamera. Ni kweli, lakini hebu tuione ikifanya kazi, kwa kisa kile kile.

Liyongo amechomwa kitovuni na sindano ya shaba, na mwanawe mwenyewe. Anakwenda kisimani, anapiga goti, anapachika mshale kwenye uta, anavuta, na anafia hapo hapo katika hali hiyo. Watu wa mji wanakuja kuteka maji, wanamwona, wanakimbia. Siku zinapita na hakuna anayethubutu kusogea. Mamake anabembelezwa aende kumsihi. Mpaka mwili unapoanguka ndipo wanajua walikuwa wakimwogopa maiti.

Jukwaani hilo ni zawadi. Mwigizaji amepiga goti, hatikisiki, na sisi tulio safu ya nyuma hatuwezi kuona kama anapumua. Umbali wetu ni sawa na umbali wa wale watu wa mji. Tunaogopa pamoja nao.

Kwenye filamu, ukiisogeza kamera hadi usoni, siri imetoka. Macho hayapepesi, nzi ametua mdomoni, na mtazamaji ameshajua kabla ya mji kujua. Labda ndivyo unavyotaka. Basi umeandika onyesho jingine, la kuucheka woga wa mji. Lakini kama unataka woga wenyewe, inabidi skripti yako ibaki na wanawake wenye mitungi, mbali, nyuma ya miti, na tumwone Liyongo kama wanavyomwona wao. Uamuzi huo ni wa mwandishi. Msimwachie mpiga picha, kisha mkalalamika.

Kwenye skripti ya filamu hakiandikwi kisichoonekana wala kusikika. Ukiandika "Athman anajutia maisha yake", kamera itaelekezwa wapi? Mpe kitu cha kufanya. Anaikunja tepu pole pole, anaifuta vumbi la nazi kwa kikoi.

Jambo la mji wetu. Mkiandika filamu ya hapa, andikeni mkikumbuka maji. Mwandishi huandika kwa raha zake: "ASUBUHI. Dau linaondoka gatini." Onyesho linapigwa siku tatu, na kila siku maji yanajaa takriban dakika 50 baada ya wakati wa jana. Siku ya kwanza dau linaelea saa mbili asubuhi. Siku ya tatu saa ile ile maji ni tofauti kabisa, na picha haziungani. Nahodha yeyote angekwambia bure. Na sauti! Injini za boti pwani, punda vichochoroni, na adhana, kwa misikiti tuliyo nayo, ikianza upande mmoja inapokewa na mwingine. Mtu wa sauti atavua vifaa vyake vya masikioni na kungoja. Ukiwa na akili, adhana utaiandika ndani ya onyesho, mtu akatizwe nayo katikati ya uongo wake.

Kuna kijana pale nyuma anaonyesha karatasi, nitamsomea: "Nikibadilisha kisa cha Liyongo, wazee hawatakasirika?" Huenda wakakasirika, na wana haki yao. Lakini kisa chenyewe hakina sura moja. Kwa Kijumwa aliyemuua ni mwanawe. Kuna wanaosimulia kwamba ni mpwa. Mtu wa jukwaa atachagua, na kila chaguo lina bei. Mtoto anamkaribia babake usiku bila kushukiwa. Mpwa inabidi umtengenezee sababu ya kulala nyumba ile. Ebrahim Hussein alipochapisha Kinjeketile mwaka 1969, mchezo juu ya vita vya Maji Maji, alisema waziwazi kwamba Kinjeketile wa mchezoni si yule wa historia nukta kwa nukta. Ni mtu aliyemuumba yeye. Semeni hivyo na nyinyi, mapema, kwenye ukurasa wa kwanza.

Mambo ya umbo nitayapitia haraka kwa sababu yanajifunzwa kwa jioni moja. Skripti ya filamu huandikwa kwa herufi za Courier, ukubwa wa 12, na kwa kipimo hicho ukurasa mmoja ni kama dakika moja ya filamu. Kila onyesho lina kichwa: ndani au nje, mahali, mchana au usiku. Mchezo wa jukwaani una uhuru zaidi, ila hesabuni waigizaji mlio nao kabla ya kuandika jeshi. Na juu ya kuibiwa: Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inalinda ulichoandika, hailindi wazo ulilomsimulia mtu mkinywa kahawa pale Mkunguni. Andika kwanza, simulia baadaye.

Kujifunza kwenyewe kunataka masikio ya watu wengine. Mswada usomwe kwa sauti, na msomaji asiwe wewe, maana wewe utautia chumvi kwa sauti yako. Mpe binamu, mpe jirani asiyejua kisa, kaa kimya na kalamu. Pale anapojikwaa, weka alama. Pale anapoanza kusoma haraka haraka kama anayetaka kumaliza, weka alama mbili, na usiku huo kata.

Kwa wiki ijayo nataka kurasa tatu kutoka kwa kila kikundi. Watu wawili, mahali pamoja hapa mjini, mmoja anataka kitu na mwingine hataki kukitoa. Kitu chenyewe kisitajwe kwa jina lake hata mara moja. Atakayeniletea methali, awe na sababu. Wa Faza na Kizingitini mnaweza kutuma kwa simu, msihangaike na boti kwa kurasa tatu. Haya, maswali. Tuanze na dada wa mbele, ameinua mkono tangu kwenye nazi.