Mtoto Aliyezoea Kuwa wa Kwanza

Walimu na wazazi wa Kisumu, hamjambo. Leo nataka tumzungumzie mtoto mmoja tu: yule aliyekuwa akiongoza darasa kule Ahero au Bondo, akaitwa shule kubwa ya bweni, na likizo ya kwanza anarudi nyumbani akisema hesabu imemshinda. Akili zake ziko palepale. Waliobadilika ni wale anaojipima nao. Mwanasaikolojia Herbert Marsh alilieleza hili mwaka wa 1987: chukua watoto wawili wenye uwezo sawa, yule anayesoma na wakali atajiona dhaifu kuliko mwenzake aliye kati ya wanafunzi wa wastani.

Mtu huwa na picha kadhaa za nafsi yake: masomoni, kwa marafiki, kimwili. Moja ikififia, nyingine humshikilia, ila kwa mtoto ambaye miaka yote amesifiwa kwa nafasi ya kwanza pekee. Mwanasaikolojia William James aliandika mwaka wa 1890 kwamba kujithamini ni mafanikio yaliyogawanywa kwa matarajio. Kwa hiyo badilisheni tarajio. Akipata 41 kwa 100, msimuulize amekuwa wa ngapi. Chukueni karatasi yenyewe, mhesabu zile alama 59 zimepotelea wapi: ngapi kwa kukokotoa vibaya, ngapi kwa kutoelewa swali, ngapi kwa mada asiyoijua kabisa. Mara nyingi fungu la kwanza hurekebishika ndani ya muhula, na mtoto anajionea mwenyewe. Na walimu, ile orodha ya nafasi ubaoni, iondoeni.

Sasa wahamasishaji. Shule inamlipa mtu aje kuwaamrisha wanafunzi wapige kelele "Mimi ni bora!" Utafiti wa Joanne Wood na wenzake nchini Kanada, mwaka wa 2009, uliwapa watu sentensi ya aina hiyo wairudie. Wenye kujithamini kwa chini walijisikia vibaya zaidi, kwa sababu moyoni walikuwa wakiipinga. Ni wale wale tuliotaka kuwasaidia. Hata "una akili sana" ina hatari yake: watafiti Mueller na Dweck, 1998, waliona kwamba watoto waliosifiwa akili walikata tamaa upesi walipokutana na maswali magumu, kuliko waliosifiwa bidii.

Wanaotaka kupima kujithamini hutumia dodoso la Rosenberg la 1965, lenye kauli 10 na majibu manne, kuanzia "napinga kabisa" (alama 1) hadi "nakubali kabisa" (alama 4). Kauli tano ni za kujisifu na tano za kujishusha. Hizi za pili alama zake hugeuzwa, 4 inakuwa 1. Hapo ndipo wengi huharibu. Mtoto akijibu "nakubali" (alama 3) kote, usipogeuza utapata 30 na kufurahi bure. Ukigeuza ni 25. Tena jibu moja kwa kauli zote kumi ni dalili kwamba hakusoma, au anakuheshimu mno asikukatalie. Mpe tena faraghani, bila kuandika jina.

Lakini dodoso halitambui ugonjwa. Mtoto asiyelala, asiyekula, anayezungumzia kufa, huyo usimpe karatasi yoyote. Kaa naye, usimwache peke yake, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.