Tumbo Langu Miaka Minne Baada ya Upasuaji wa Kupunguza Uzito

Ndugu zangu mnaonitazama kutoka Tanga, Dar es Salaam, Mombasa na kwingineko, asalaam alaykum. Nimeketi jikoni kwangu hapa Birmingham, na vichupa hivi vya vidonge mnavyoviona mezani ndivyo vilivyonifanya niwashe kamera leo. Tangu nilipoweka picha zangu za baada ya upasuaji, kila wiki napokea ujumbe wa dada zangu wa nyumbani wanaotaka kujua nimepungua kilo ngapi. Hakuna aliyewahi kuniuliza tumbo langu linafanyaje kazi sasa, na mimi naona hilo ndilo swali linalopaswa kutangulia.

Upasuaji niliofanyiwa, ambao daktari Edward Mason wa Chuo Kikuu cha Iowa nchini Marekani aliuanzisha katika miaka ya 1960, huacha kifuko kidogo katika sehemu ya juu ya tumbo chenye ujazo wa takriban mililita 30, sawa na vijiko viwili vikubwa vya chakula. Kifuko hicho huunganishwa na utumbo mwembamba kwa chini zaidi, hivyo chakula hakipiti tena katika sehemu yake ya mwanzo, ambayo ndiyo hufyonza kwa wingi madini ya chuma na kalsiamu. Isitoshe, ile sehemu kubwa ya tumbo isiyopitiwa tena na chakula ndiyo iliyokuwa ikikipatia asidi, pamoja na protini maalumu inayoiwezesha vitamini B12 kufyonzwa mwishoni mwa utumbo mwembamba. Kwa hiyo mtu wa hali yangu anaweza kula nyama, dagaa na mchicha kila siku, na bado akaishiwa damu.

Hayo nilielezwa kabla ya upasuaji, nikayaitikia, kisha nikayapuuza. Mwaka wa pili nilijiona nimepona kabisa, kisukari kimetulia, nguo zinanikaa vizuri, nikaacha vidonge vyangu vya madini na vitamini. Mwili haukulalamika mara moja, maana ini huweka akiba ya B12 inayoweza kudumu kwa miaka, na chuma nacho huisha polepole. Baada ya miezi kadhaa nikawa nahema nikipanda ngazi za basi la ghorofa, kucha zikawa laini na kubonyea katikati kama kijiko, na usiku nikawa natafuna barafu bila kuacha, kwa hamu ileile ambayo wanawake wengi wa kwetu huwa nayo kwa udongo wa pemba. Damu ilipopimwa, akiba ya chuma ilikuwa imekwisha, ikabidi niongezewe kwa dripu.

Sasa chuma nakimeza asubuhi kwa maji na kipande cha chungwa, mbali na chai, kwa sababu chai hukizuia kisifyonzwe. Kalsiamu naimeza angalau saa mbili baadaye, kwa kuwa vikienda pamoja vinazuiana. B12 nadungwa sindano kila baada ya miezi mitatu, na damu napimwa kila mwaka. Utaratibu huu ni wa maisha yangu yote.

Sukari nayo ina habari yake. Nilipokuja Tanga Ramadhani iliyopita, nikiwa nimefunga kwa ruhusa ya daktari, shangazi aliniwekea kaimati zilizorowa shira, nikala tatu na kushushia glasi ya juisi ya miwa. Haikupita nusu saa, moyo ukaenda mbio, jasho likanitoka, tumbo likasokota, nikajilaza kwenye mkeka huku shangazi akiuliza, "Mwanangu, nani amekutia jicho?" Halikuwa jicho. Sukari ile yote ilikuwa imeingia kwenye utumbo kwa mkupuo, na utumbo ukavuta maji kutoka kwenye damu. Wengine huzidiwa baadaye, saa moja hadi tatu baada ya kula, sukari ya damu inaposhuka mno. Ndiyo maana naanza na samaki, mayai au kunde ili nifikishe walau gramu 60 za protini kwa siku, ugali nauacha mwisho, na maji nayanywa nusu saa baada ya kula.

Aina nyingine ya upasuaji, inayoondoa takriban robo tatu ya tumbo bila kubadili njia ya utumbo, nayo huwaletea wengi kiungulia. Katika aina zote mbili, kupungua haraka kunaweza kuleta mawe kwenye mfuko wa nyongo. Anayetapika kwa siku kadhaa mfululizo akimbizwe hospitali, kwani upungufu wa vitamini B1 unaweza kuharibu ubongo. Waliounganishwa utumbo kama mimi wajihadhari na dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, ambazo kwetu watu hujinunulia dukani kama peremende, maana huleta vidonda pale palipounganishwa.

Sijutii upasuaji wangu. Ninachohofia ni mtu anayesafiri hadi Istanbul, anakatwa, na baada ya siku chache yuko nyumbani bila daktari wa kumfuatilia. Dada yangu unayejiandaa kulipia, kabla hujatoa fedha muulize daktari wako: mwaka wa tatu nikiwa Tanga, nani atanipima chuma, B12 na kalsiamu, na sindano nitaipata wapi?