Upepo Upo, Waya Hakuna

Mabibi na mabwana, nashukuru kwa nafasi hii. Niingie moja kwa moja kwenye hoja: kinachokwamisha nishati safi leo, mara nyingi, ni waya wa kuisafirishia.

Loiyangalani, kaskazini mwa Kenya, mitambo 365 ya upepo yenye uwezo wa megawati 310 ilikamilika mwaka 2017. Njia ya umeme ya kilovoti 400 ya kuufikisha umeme huo kwenye kituo cha Suswa, upande wa Nairobi, zaidi ya kilomita 400, haikuwa tayari hadi Septemba 2018. Mkandarasi wa kwanza alifilisika, na fidia za ardhi ya kupitisha minara zikasumbua. Miezi yote hiyo upepo ulivuma bure, huku mkataba ukidai malipo ya umeme ambao haukumfikia mtu. Mwaka 2023 Shirika la Kimataifa la Nishati lilisema miradi ya nishati jadidifu ya gigawati 1,500, iliyokwisha kufika mbali katika maandalizi, ilikuwa kwenye foleni ya kuunganishwa na gridi.

Mradi wa sola hukaa kwenye kiwanja kimoja. Njia ya umeme hukatiza mashamba, misitu na makaburi ya watu. Kwa hiyo nasisitiza: mkuza, yaani ukanda wa ardhi unakopita waya, upimwe na wenye ardhi walipwe kabla mitambo haijaagizwa. Mtu aliyeahidiwa fidia asiione, ana haki ya kukataa mnara shambani kwake.

Sasa tutulie kidogo kwenye njia tulizo nazo tayari, maana hapo kuna neema tunayoiacha. Waya ukibeba mkondo mkubwa wa umeme hupata joto. Ukipata joto hurefuka, ukalegea na kushuka. Agosti 2003, huko Ohio, Marekani, nyaya zilizolegea ziligusa miti, mfumo wa tahadhari wa kompyuta nao ukawa umezima, na watu wapatao milioni 50 wa Marekani na Kanada wakakosa umeme. Kwa kuhofia hayo, waendeshaji wengi huweka kikomo cha waya wakikadiria siku ya joto kali isiyo na upepo. Siku nyingi haziko hivyo! Upepo uleule unaozungusha mapanga ya mitambo huupoza waya. Ukifunga vifaa vya kupima hali ya waya kwenye njia, unaweza kupitisha umeme zaidi saa ileile mitambo inapozalisha zaidi. Na waya wenye kiini cha kaboni badala ya chuma haulegei sana. Waweza kubeba karibu maradufu juu ya minara ileile, bila kuomba ardhi mpya.

Pasipo na njia kabisa, lazima ijengwe, na ijengwe kwa msongo mkubwa, yaani volti nyingi. Umeme uleule ukisafirishwa kwa msongo maradufu, mkondo hupungua nusu, na upotevu kwenye waya hushuka hadi robo. Kwa masafa marefu zaidi kuna mkondo mnyoofu, yaani umeme unaokwenda upande mmoja tu, kama njia ya kilovoti 500 kutoka Ethiopia hadi Kenya, inayopita kilomita 1,000.

Karibuni maswali.