Wati au Pumzi: Ukiwa Mlimani Ufuate Kipi?

BARAKA: Karibuni tena kipindini. Niko na dada Mwanaisha, na leo tunaongelea jambo linalowagawa waendesha baiskeli. Mlima umeanza, kompyuta iko kwenye usukani inakuonyesha namba ya wati, yaani nguvu unayoisukuma. Ufuate namba au ufuate mwili?

MWANAISHA: Asante kaka Baraka. Mimi namuuliza mtu kwanza: uko dakika ya ngapi?

BARAKA: Kwa nini dakika?

MWANAISHA: Kwa sababu mwanzoni mwili hausemi kweli. Miguu ina nguvu, pumzi imetulia, unasukuma wati 300 na unahisi ni 230. Ukiamini hisia hiyo, dakika ya 15 utakiona cha moto.

BARAKA: Na mapigo ya moyo hapo hayakusaidii. Ukiongeza nguvu ghafla, moyo huchukua dakika moja, mbili, hata zaidi kufika panapostahili. Unaona mapigo yako chini, unaongeza tena, kumbe ulishapitiliza zamani.

MWANAISHA: Ndiyo maana nakithamini sana kipima nguvu. Mjerumani Ulrich Schoberer alianzisha SRM, kampuni ya kutengeneza vipima nguvu, mwaka 1986. Ndani ya krenki, ule mkono unaoshika pedali, kuna vihisio vinavyopima jinsi chuma kinavyojipinda, kidogo mno, kila unapokanyaga pedali. Ukijua msukumo na kasi ya mzunguko, umepata wati. Papo hapo, upepo uwe wa mbele au wa nyuma.

BARAKA: Basi tumemaliza, tufuate wati!

MWANAISHA: Ngoja kwanza. Kikomo chako umekipataje?

BARAKA: Kwa jaribio la dakika 20. Ukipata wastani wa wati 260, unachukua asilimia 95, yaani 247. Hiyo ndiyo FTP, makadirio ya nguvu unayoweza kuihimili kwa karibu saa nzima.

MWANAISHA: Ya siku ile uliyojipima! Leo kuna joto kali na usiku hukulala. Kwenye joto damu nyingi inakwenda kwenye ngozi kuupoza mwili, jasho linapunguza maji, na moyo unapiga mbio zaidi kwa wati zilezile. Ukiing'ang'ania 247 hapo, unajimaliza mwenyewe.

BARAKA: Lakini hisia utazipimaje? Leo "ngumu", kesho "ngumu kiasi".

MWANAISHA: Gunnar Borg, mwanasaikolojia wa Sweden, alitutengenezea kipimo cha ugumu unaouhisi, cha 6 hadi 20. Kinaanzia 6 kwa sababu ukizidisha kwa 10 unapata makadirio ya mapigo: 60 umepumzika, 200 umefika mwisho. Halafu kuna utafiti wa Samuele Marcora na wenzake, 2009, ambao naupenda mno. Watu walifanya kazi ya kuchosha akili kwa dakika 90, ndipo wakapanda baiskeli ya maabara na kusukuma hadi washindwe. Walishindwa mapema kuliko siku waliyotazama filamu tu. Moyo haukueleza tofauti hiyo. Kilichopanda ni ugumu waliouhisi. Kipima nguvu hakiwezi kukuonyesha hilo.

BARAKA: Hapo nakubali. Ila kwenye tambarare yenye upepo wa nyuma mimi nabaki na wati. Kasi inapanda, mtu anaridhika, miguu inalegea bila yeye kujua.

MWANAISHA: Kweli kabisa, hapo namba ni mlinzi mzuri. Kwenye mlima mrefu, robo ya kwanza ifanye namba kuwa dari: usiivuke hata ukijisikia simba. Baada ya hapo pumzi ipewe neno. Ukibakiza kilomita ya mwisho, sogeza ukurasa wa skrini, usizione wati kabisa.

BARAKA: Na mtu ajifunze vipi kuusoma mwili?

MWANAISHA: Mazoezini, kabla hujatazama skrini, kisia wati zako, kisha tazama. Fanya hivyo kwenye mteremko, kwenye upepo, ukiwa umechoka. Na ukiona wati za kawaida zinakupa 16 ya Borg huku mapigo yakigoma kupanda, hiyo mara nyingi ni uchovu wa siku nyingi. Geuza baiskeli, nenda kapumzike.